Jina Lililokuja Likiwa na Njaa

Nyinyi vijana wa boma hili, na nyinyi wengine ambao sikuwazaa lakini maneno haya yatawafikia, tulieni kidogo mnisome. Mimi ni shosho wenu, nyanya yenu wa Dundori. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo msitafute maneno matamu hapa; maneno matamu hayajawahi kumwongeza mtoto hata gramu moja. Nina wasiwasi, na sitauficha. Juzi niliwafokea jikoni mkabaki mkitazamana kama watu waliomwagiwa maji baridi. Leo nitawaeleza niliona nini pale mlangoni, maana nilichokiona hakikuwa cha juzi.

Kuna Alhamisi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Lakini kabla sijafika huko, mwanangu, acha nikuonyeshe nilikuwa mtu wa namna gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mama wa wavulana watatu, na mgongo wangu ulikuwa haujui maumivu ni nini. Mama mkwe wangu, Njeri, alikuwa ameenda Molo kumwuguza binti yake aliyevunjika mguu, akaniachia nyumba. Ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni mwangu kwa uzi mweusi. Mimi ndiye nilisema kipikwe nini, nani aende kipande kipi cha shamba, yai lipi liende sokoni na lipi libaki. Mwanamke mchanga akipewa ufunguo huuona kama taji. Uzito wake huujua baadaye.

Siku ya lori la kununua viazi, ambavyo sisi tunaviita waru, kazi yangu ilikuwa kuzichagua. Zile kubwa zinaenda kwa gunia la kuuza, zile za kadiri zinawekwa mbegu, na zile ndogo ndogo, ambazo tunaziita chati, zinabaki nyumbani. Nilichagua nyingi mno kiasi kwamba mikono yangu iligeuka mizani. Wachukuzi wa lori walikuwa wakinijaribu kwa mchezo.

"Mama Kamau, na hii?"

"Kilo mbili na robo."

Wanapima, inakuwa hivyo hivyo. "Huyu mama ni mchawi wa waru!" wanasema, na mimi navimba kichwa.

Sasa, ndani ya boma hilo kulikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa, jina lake Wairimu. Shemeji yangu Mwangi alimleta kutoka Mai Mahiu, huko chini kwa malori, ambako mama yake alikuwa akiwauzia madereva chai kando ya barabara. Alikuja na mfuko mmoja wa plastiki na mimba changa. Mahari ilikuwa haijapelekwa, wazee hawakuwa wamekwenda, hakuna aliyepika wala aliyeimba. Mwangi alikaa naye wiki mbili, kisha akateremka Nakuru kutafuta kazi ya mjengo. Mwisho wa mwezi alikuwa akija. Miezi mingine haji.

Hakuna aliyempiga Wairimu. Hakuna aliyemtukana. Tulikuwa watu wa kanisa sisi. Lakini msichana ambaye hakutolewa mahari alikuwa kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini. Hana shamba lake, hana kuku wake, hana pa kusemea. Chakula kikiiva, wanaume wanakula kwanza, halafu mgeni kama yupo, halafu watoto, halafu mimi, na kile kilichoshika chini ya sufuria ndicho cha Wairimu. Alikuwa akila amesimama mlangoni mwa jikoni, sahani mkononi, tayari kutumwa. Na kilichokuwa ndani ya sahani, mara nyingi, ni chati za kuchemsha na chumvi.

Mayai nilimkataza. Siku hizo tuliamini kwamba mwanamke mjamzito akila mayai na vitu vya mafuta, mtoto ananona ndani, na mama akifika siku yake anakatwa.

"Wairimu, wacha hilo yai. Unataka mtoto wa kilo nne upasuliwe?"

"La, Mama Kamau."

"Sisi tulizaa kwa mboga na uji, na si tuko hapa?"

"Sawa, Mama Kamau."

Ukweli ni kwamba nusu niliamini, na nusu nilitaka mayai yaende sokoni. Mambo hayo mawili yakilala kitanda kimoja moyoni mwa mtu, hata mwenyewe hajui ni lipi limeamka kwanza.

Mwezi ule ng'ombe wetu Zawadi naye alikuwa karibu kuzaa. Baba Kamau, mume wangu, alikuwa amesema asikamuliwe tena, apumzike, na kila jioni alipelekewa karai la unga wa ng'ombe na chumvi ya kulamba. Wa kumbebea maji alikuwa Wairimu. Hilo liweke kando, mwanangu. Utalihitaji mbele.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa Alhamisi, na lori lilikuwa Alhamisi. Wairimu alienda mara moja, akarudi na kadi na vidonge vya kuongeza damu. Mara ya pili nilimwona amefunga kitambaa safi kichwani.

"Unaenda wapi?"

"Kliniki, Mama Kamau."

"Na lori litapakiwa na nani? Kliniki haitoroki."

Akafungua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akarudi shambani. Nilisema hivyo kwa kinywa hiki. Kliniki haitoroki. Na vile vidonge vilipoisha, hakuna aliyeuliza.

Basi Alhamisi yenyewe ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha, lori likashindwa kuingia shambani, ikabidi tubebe magunia kwa mgongo mpaka barabarani, kamba kichwani. Nilimpa Wairimu nusu gunia. Nusu! Nilijiona mwenye huruma. Mchukuzi mmoja akamtazama akaniambia, "Mathe, huyu si ana mtu ndani?"

Nikamjibu mbio, "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Watu wakacheka, na Wairimu akacheka pia, kwa sababu alikuwa hana ruhusa ya kutocheka. Methali ni kama kisu, mwanangu. Kinakata mkate, na kinakata mkono.

Saa sita mchana akaweka mzigo chini polepole sana, akashika uzio. "Mama Kamau," akaniita, sauti ndogo. "Nimelowa."

Tulimpeleka kwa lori lile lile, ameketi mbele kati yangu na dereva, waru zikiruka ruka nyuma yetu. Mtoto alizaliwa saa tisa, katika wodi ya akina mama ya kituo cha afya, na damu ya Wairimu ilikuwa inatoka vibaya. Sista akakifunga kile kitoto haraka haraka kwa kitambaa, akanisukumia mikononi. "Shika, mama, shika!" Akamrudia Wairimu.

Mikono yangu ikajua. Sikutaka ijue. Nilijaribu kuidanganya, nikambadilisha mkono wa kulia, nikambadilisha wa kushoto. Kilo moja na nusu, na kidogo. Alikuwa msichana. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mzee, ngozi imelegea mapajani kama soksi ya mtu mwingine, na hakulia. Alikuwa akitoa sauti kama mlango unaofunguliwa pole pole.

Damu ilipotulia, sista akamweka kwenye mizani. "Moja pointi sita."

"Amekuja kabla ya wakati," nikasema. Nilisema haraka, kabla mtu hajauliza.

Sista akaichukua kadi, akahesabu kwa vidole. Akashika mguu wa mtoto, akautazama unyayo, akatazama kucha. "Hapana, mama. Angalia kucha zilivyokua. Angalia mistari ya unyayo. Miezi imetimia. Chakula ndicho hakikutimia." Kisha akanigeukia. "Alikuwa anakula nini huyu msichana?"

Nikaanza kukikunja kile kitambaa cha mtoto.

"Na nani alikuwa akimgawia?"

Ufunguo ulikuwa hapa kifuani, chini ya blauzi. Nilihisi kama umetolewa kwenye barafu.

Sista hakunigombeza zaidi. Alikuwa na kazi nyingi. Alinieleza tu, na maelezo yake yalikuwa mabaya kuliko matusi. Kwamba mtoto mdogo hivyo hana mafuta ya kumtunzia joto, anapoa kama chai kikombeni. Kwamba hana nguvu ya kunyonya, atakamuliwa maziwa ya mama kidogo kidogo na kunyweshwa kwa kikombe. Kwamba kikohozi ambacho Kamau wangu angekipiga chafya mara mbili akakisahau, huyu kinaweza kumwondoa. Angekaa hapo, apimwe kila baada ya siku tatu. Akishuka chini ya moja na nusu, apelekwe hospitali kubwa Nakuru, na njiani kuna baridi na matope. "Tuombe asishuke sana," akasema.

Siku ya tatu mama mkwe akafika. Alikuwa amepata habari huko Molo, akaja moja kwa moja na kiondo chake, viatu vimejaa udongo. Hakusalimia mtu.

"Ni msichana?"

"Ni msichana, Mama."

"Basi ni mimi."

Mnajua desturi yetu. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Mimi nilikuwa nimezaa wavulana tu, kwa hivyo huyu ndiye alikuwa Njeri wa kwanza. Nikamwambia, ili niseme chochote tu, kwamba mahari bado, wazee hawajaenda kwao.

"Wazee wataenda Mai Mahiu siku yao. Jina halingoji wazee. Nipe."

Akampokea. Yeye naye alikuwa mtu wa waru tangu utoto. Mikono yake ilikuwa mizani kabla yangu. Nilimwona akimpima.

"Jina langu," akasema, "limekuja likiwa na njaa."

Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Zawadi amezaa?"

"Jana, Mama. Ndama mkubwa, dume."

"Alipofika miezi saba mlimfanyia nini?"

"Tuliacha kumkamua."

"Kwa nini?"

"Apumzike, Mama. Ndama apate."

"Na chakula?"

"Tuliongeza."

"Nani alikuwa akimbebea maji?"

Wairimu alikuwa pale kitandani, midomo imekuwa myeupe, akituangalia sote kama mtu anayeogopa kwamba ni yeye atafokewa.

"Toa ufunguo," mama mkwe akaniambia.

Nikautoa shingoni. Nilidhani atauweka kwenye kiondo. Akainama, akamvisha Wairimu, pale pale kitandani, akamrekebishia uzi usimkwaruze. "Ukitoka hapa, stoo ni yako mpaka mtoto atembee. Mama Kamau akitaka unga, atakuomba." Kisha akanirudia mimi. "Na wewe, fungua blauzi. Joto unalo tele, umekula vizuri. Leo utalitumia."

Ndivyo nilivyombeba. Sista alinionyesha namna: mtoto uchi, na kofia tu na nepi, analazwa katikati ya kifua, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, halafu mnafungwa pamoja kwa leso. Wairimu alimbeba saa alizoweza, na saa hizo zilikuwa chache, maana akikaa wima alizunguka kichwa. Zilizobaki zilikuwa zangu. Nilikaa kwenye benchi mgongo ukutani, na kazi yangu ilikuwa moja: kusikiliza kama anapumua.

Hujui wasiwasi, mwanangu, mpaka uubebe kifuani ukiwa na uzito wa waru tano. Anapumua mara tatu, anaacha. Unaacha na wewe. Anaanza tena. Nilikuwa naogopa kukohoa. Wanawake walikuja na habari za lori, na bei, na nani amegombana na nani, na sikusikia neno hata moja. Kila baada ya saa mbili Wairimu alikamua maziwa, matone ya kuhesabika, na tulimnywesha kwa kikombe kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini hebu jaribu kungoja kibaba hicho kijae.

Siku moja, nikiwa nimekaa hivyo, Wairimu alizungumza akiangalia dari. Hakuwa ananilaumu. Nafikiri alikuwa anajiuliza tu.

"Mama Kamau, kuna siku nilichukua yai kwa kiota. Lilikuwa bado la moto. Nikalishika hivi, nikaliweka hapa shavuni. Nikaogopa, nikalirudisha." Akajigusa shavu. "Nilikuwa nataka moja tu."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hiyo tumeisikia wote. Lakini mimi nilimjua. Nilimwona kila siku mlangoni mwa jikoni. Nilichagua kutomjua, na hilo halina methali.

Mara ya kwanza alipopimwa, alikuwa ameshuka. Moja pointi tano. Sista akasema watoto wote hushuka kidogo kwanza, lakini hakutabasamu. "Akipoteza tena, tunaondoka." Mama mkwe akaanza kupanga nguo kwenye kiondo. Siku tatu zile zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nakumbuka kofia tu, kofia ndogo ya sufu ya kijani, inapanda na kushuka chini ya kidevu changu. Mara ya pili sista alimweka kwenye mizani, mshale ukacheza, ukacheza, ukasimama. "Moja pointi tano na kitu." Hakushuka. Mara ya tatu akawa amerudi alipozaliwa. Ile ya nne, moja pointi saba. Nilitoka nje nikashika ukuta kwa mikono miwili kama mlevi.

Aliishi. Lakini usiseme "aliishi" ukapita kama unayeruka mfereji. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea. Kila baridi ya Julai ilimshika kifua, na kila kikohozi chake mimi nilikuwa narudi kwenye lile benchi. Maji yakimwagika hayazoleki yote. Mengine huchoteka, mengine ardhi imeshakunywa.

Basi rudini juzi. Njeri huyo ndiye huyu wenu mnayemwita Auntie, mwenye hoteli ndogo ya chapati na maharagwe Mai Mahiu, kule kule alikotoka mamake. Mume wake ni dereva, leo yuko Malaba, kesho Mombasa. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza kukaa baada ya mbili kutoka. Alipanda huku kutusaidia kuvuna, kwa sababu binti wa nyumbani hawezi kusikia kuna kuvuna akakaa.

Niliingia jikoni saa nane. Nyote mlikuwa mmeketi, mmeshiba, simu mikononi. Na Njeri alikuwa amesimama mlangoni, mahali pale pale, sahani mkononi, anakwaruza chini ya sufuria.

"Shosho, niaje!" mmoja wenu, Ndung'u, akasema. "Karibu, chai iko."

"Nani amemwambia huyu ale amesimama?"

"Hakuna, Shosho. Kwani ni mgeni? Si ni Auntie, ni wa nyumbani."

Kumbe "wa nyumbani" maana yake ni kula mwisho.

Njeri akacheka, anataka kuniondolea hasira. "Wacha, Mama Mkubwa, mimi nimezoea kusimama. Kule hotelini nikikaa chini, madereva wanadhani tumefunga."

Nikamshika kifundo cha mkono. Magoti yangu yamekufa, macho yanafifia, lakini mizani bado ipo. "Sista wa kliniki alisemaje?"

Akaacha kucheka. "Alipima tumbo na ile tepi. Akasema liko nyuma kidogo ya miezi. Akaniambia nirudi Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Hii iliyopita. Lakini si ilikuwa siku ya lori? Kliniki iko tu, Mama Mkubwa."

Hapo ndipo nilipopiga sufuria chini, na mkadhani shosho amerukwa na akili. Hakuna aliyemkataza chakula. Hakuna aliyemkataza kliniki. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mimi nilikataza kwa kinywa, na mtu aliweza kuja kunigombeza. Nyinyi mmekataza kwa kukaa tu, na yeye mwenyewe amejifunza kujikataza. Na ni nani aliyewafundisha kukaa hivyo? Ni sufuria yangu, na mpangilio wangu wa sahani, miaka yote hii. Nilimlilia yule mtoto kifuani, kisha jeraha lilipokauka nikaacha jikoni kurudi kulivyokuwa.

Sijui tumbo la Njeri litafikia wapi. Zimebaki wiki chache, na kila asubuhi naamka nikihesabu. Ndiyo maana naandika sasa, sitaki kungoja matokeo.

Sikilizeni, basi. Sisemi kila mtoto mdogo ametokana na njaa. Kuna presha, kuna mapacha, kuna maradhi, na kuna mama anakula vizuri na bado mtoto anakuja mdogo. Msimnyooshee mama kidole. Lakini kabla ya kusema ni mapenzi ya Mungu, kwanza tazama sahani.

Na msiniambie ni umaskini tu. Umaskini naujua, tumelala nao. Kuna mama anayefua nguo za watu Nakuru na mimba ya miezi minane, na akiketi siku moja, jioni hakuna cha kupika. Huyo hajakosa akili, amekosa pa kuketi. Ukimkuta, usimhubirie matunda. Mpokee ndoo. Ukiwa ndiye mwenye kumwajiri, mpunguzie kazi na usimpunguzie chakula. Lakini sisi wa hapa hatukuwa tumekosa. Maziwa yalikuwepo, mayai yalikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi ya msichana huyo kwenye mstari.

Wewe kijana uliyemleta msichana kwenu bila wazee kwenda kwao, ukamwacha na mama yako na wake wa ndugu zako, ukaenda kutafuta kazi: umemwacha bila mlango. Kabla ya kuondoka, sema mbele ya watu wote kwamba huyu ni wako, na ukipiga simu usiulize hali ya kuvuna kwanza. Uliza amekula nini.

Na wewe msichana, omba. Najua ni vigumu. Omba hata sauti ikitetemeka. Yai limo ndani ya nyumba, na mtoto ni wa nyumba hiyo hiyo.

Na jambo moja linalonisumbua sana kuhusu sisi wanawake. Mtoto akizaliwa, tunafunga leso, tunapika uji, tunajaza chupa, tunabeba ndizi na unga, tunaenda kumwona mama kwa nyimbo. Ni desturi nzuri, msiiache. Lakini tunangoja nini miezi tisa? Uji ule ule ukienda mapema, unawakuta wawili. Ng'ombe tunamjua hivyo bila kufundishwa na mtu.

Mungu wa mama yangu na wa mama zenu awakumbuke. Awape watoto wazito, wa kuchosha mkono, mpaka anayewabeba aite wenzake, "Jamani, nipokeeni huyu!" Na majina ya wazee wenu yakirudi duniani, yarudi yakiwa yameshiba.

Na ile amri niliyoitoa jikoni iko pale pale, naiandika asije mtu akasema hakusikia. Njeri aketi kwa kiti changu. Ale wa kwanza, ashibe, ndipo mwingine ashike sahani. Mayai mawili ya asubuhi ni yake, hata akija askofu. Jerikeni na gunia visiuone mkono wake. Alhamisi lori lingoje. Ndung'u, utampeleka kliniki, na utakaa kwenye benchi mpaka atoke. Na ufunguo wa stoo, huu hapa, avae yeye. Mimi nikitaka unga, nitamwomba.